Afya ya Mhujaji Huanzia Shaabani: Chanjo, Dawa na Maandalizi ya Safari ya Makka

Kwenye semina za hija tunafundishwa kufunga ihramu (nia na vazi la hija), talbiya, tawafu (kuizunguka Kaaba) na kusai, na ni haki yake, maana ndiyo ibada yenyewe. Afya hupewa dakika chache za mwisho, watu wakiwa wameshaanza kuulizana habari za mabegi. Ndiyo maana kila msimu utamkuta mzee mwenye sukari ametua Jidda na vidonge vya wiki moja, au mama aliyechanjwa juzi akiwa ameshika kadi ambayo bado haijaanza kufanya kazi. Hija imefaradhishwa kwa mwenye uwezo, na mwili ni sehemu ya uwezo huo. Wengi wetu tunaotoka Afrika Mashariki tunakwenda tukiwa watu wazima sana, baada ya miaka ya kudunduliza, tukiwa tayari na presha, sukari au magoti yanayouma. Hakuna katika hayo kinachomzuia mtu kwa lazima, ila kila kimoja kina maandalizi yake, na maandalizi yanataka muda.

Kwa hiyo hesabu kwa kurudi nyuma. Anzia siku utakayotua Jidda au Madina, si siku ya Arafa, kilele cha hija, kwani misafara mingi huondoka katikati au mwishoni mwa Mfunguo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani. Ukirudi nyuma miezi mitatu kutoka hapo unaangukia Shaabani, mwezi unaotangulia Ramadhani, na huo ndio mwezi wa kuanza.

Shaabani: muone daktari kabla hujamaliza kulipa

Fanya hivi kabla fedha zote hazijaingia kwa wakala. Katika misimu ya karibuni Wizara ya Afya ya Saudia imezitaka nchi zithibitishe kwamba kila mhujaji ana uwezo kiafya, na imetaja hali zinazoweza kumfanya mtu asipewe kibali: figo zilizofikia hatua ya kusafishwa damu, moyo ulioshindwa kiasi kwamba hata kazi ndogo humchosha mtu, mapafu yanayohitaji oksijeni, ini lililoharibika sana, maradhi ya kusahau ya uzeeni, saratani ambayo matibabu yake makali yanaendelea, kifua kikuu kinachoambukiza, na mimba iliyo katika miezi ya mwisho. Kama mzazi wako yuko kwenye moja ya hali hizo, ni heri mlijue mapema, muongee na sheikh juu ya kuhijiwa, yaani mtu mwingine ahiji kwa niaba yake, kuliko kulijua siku ambayo tiketi imeshakatwa.

Siku ya kumuona daktari, mbebee dawa zako zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na zile za miti shamba na ulizoachiwa na jirani. Usimtajie kwa rangi, kwamba kuna kile cheupe na kile cha waridi. Mwambie wazi kwamba unakwenda hija: utatembea masafa marefu, kwenye joto kali, ukilala kidogo. Maneno hayo yatabadilisha ushauri wake. Apime presha, sukari (na kile kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu), figo, wingi wa damu na macho. Meno nayo yatazamwe. Jino linalouma kidogo hapa nyumbani linaweza kukukosesha usingizi wote wa Mina, kwenye mahema ya mahujaji.

Muulize maswali haya hasa. Kama unatumia kidonge cha presha kinachokukojoza, je, dozi ibaki ile ile kwenye joto la nyuzi zaidi ya 40? Kama unatumia dawa ya sukari inayoweza kuishusha ghafla, ufanye nini siku za kutembea sana? Usijipunguzie wala kujiongezea mwenyewe. Na kwa kuwa Ramadhani iko mbele, mwenye sukari apange hapo hapo namna ya kufunga kwa usalama, maana anayetoka kwenye Ramadhani akiwa amedhoofika huichelewa safari.

Baada ya Idi tu: chanjo

Nusu ya kwanza ya Mfunguo Mosi isipite hujachanjwa. Ukiona nafasi kabla ya hapo, hata ndani ya Ramadhani, masheikh wengi wanaona sindano ya chanjo haifunguzi. Muulize wa kwenu na uende.

Chanjo isiyo na mjadala ni ya homa ya uti wa mgongo. Mwaka 1987 ugonjwa huu ulilipuka baada ya hija na kusafiri na mahujaji hadi nchi zao. Mwaka 2000, na tena 2001, ulirudi kwa sura nyingine, aina ya W135, ambayo chanjo ya zamani haikuikinga. Tangu hapo Saudia ikadai chanjo inayokinga aina nne: A, C, W na Y. Sisi nasi tunatoka kwenye nchi ambazo Shirika la Afya Duniani linazihesabu ndani ya ukanda wa Afrika wenye hatari ya ugonjwa huu, kwa hiyo chanjo inakulinda wewe, inawalinda wenzako wa hemani, na inawalinda wajukuu watakaokukumbatia ukirudi, kwani mtu anaweza kubeba vijidudu kooni bila yeye mwenyewe kuumwa.

Kanuni zake ni tatu. Ichomwe angalau siku 10 kabla ya kuingia Saudia. Iwe ya aina nne, na neno hilo lionekane kwenye kadi. Tena jina la chanjo liandikwe kwa ukamilifu, kwa sababu ziko za namna mbili: ya kisasa zaidi, iliyounganishwa na protini, inakubaliwa kwa miaka 5, na ya zamani miaka 3. Kadi isipoonyesha ni ipi, utahesabiwa miaka 3. Mtu aliyekwenda umra miaka minne nyuma anaweza kudhani bado yumo, kumbe hayumo.

Homa ya manjano inategemea unatokea wapi. Kenya, Uganda, Burundi na Kongo zimo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, kwa hiyo mhujaji wa huko ataulizwa kadi. Tanzania na Rwanda zimewekwa kwenye kundi la hatari ndogo, lakini Mtanzania anayeunganisha ndege Nairobi au Addis Ababa na kukaa muda mrefu uwanjani anaweza kuulizwa vile vile. Ushauri wangu kwa Mtanzania ni aichome tu, kwa kuwa dozi ni moja na kadi yake, tangu Julai 2016, ni ya maisha. Ile ya zamani iliyoandikwa miaka 10 nayo ni ya maisha sasa, usikubali kuchomwa tena kwa sababu ya tarehe hiyo. Kadi huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano.

Hapa lakini pana tahadhari ambayo haisemwi vya kutosha. Chanjo ya homa ya manjano ina kirusi hai kilichodhoofishwa. Asiye na kinga ya kutosha, anayetumia dawa za kushusha kinga, mwenye mzio mkali wa mayai, au mwenye virusi vya Ukimwi ambaye kinga yake iko chini sana, asichomwe kabla daktari hajaamua. Mwenye zaidi ya miaka 60 anayeichoma kwa mara ya kwanza naye apimiwe faida na hatari. Wajawazito na wanaonyonyesha wako humo humo. Anayezuiwa na afya yake hupewa barua rasmi ya daktari, yenye sahihi na mhuri. Kwa hiyo mweleze mchanjaji ukweli wote, hata lile usilopenda jirani wa kwenye foleni alisikie. Omba kuongea naye faragha.

Polio hubadilika mwaka hadi mwaka kufuatana na nchi ambako kirusi kimeonekana. Nchi yako ikiwa kwenye orodha, utatakiwa dozi moja angalau wiki 4 kabla ya safari na isiyozidi miezi 12, na haijalishi kama ulipewa matone utotoni. Kwa wiki hizo 4 tu, anayesubiri Mfunguo Pili anaweza kukuta ameshachelewa. Masharti ya Uviko-19 nayo hubadilika. Angalia ya msimu wako kwenye tangazo la Wizara ya Afya ya Saudia au taasisi inayokusafirisha, siyo kwenye ujumbe unaosambazwa WhatsApp.

Halafu ziko ambazo huenda usiulizwe mlangoni na bado ni za maana: mafua ya msimu, hasa kwa mzee, mjamzito na mwenye ugonjwa wa kudumu, nimonia kwa mwenye umri mkubwa au kifua kibovu, homa ya ini B, kwa sababu ya vinyozi nitakaowataja mbele, na pepopunda kama hukumbuki mara ya mwisho. Homa ya ini B ina dozi tatu ambazo kwa kawaida huchukua miezi 6, kwa hiyo anayejua atahiji mwakani aianze sasa.

Chanjo nyingi kati ya hizi zinaweza kutolewa siku moja, mikono tofauti. Mkono kuuma na homa ndogo siku moja au mbili ni kawaida. Baada ya sindano kaa hapo kituoni kama nusu saa.

Kadi ya njano: isome kabla hujatoka mlangoni

Chanjo za safari hutolewa kwenye vituo vilivyoidhinishwa, vikiwemo vya afya bandarini na kwenye viwanja vya ndege. Beba pasipoti, usiende na kitambulisho cha taifa peke yake. Kisha, mhudumu akishaandika, simama pembeni usome mstari kwa mstari.

Jina ndilo linalotuumiza zaidi watu wa huku. Pasipoti imeandika Khamis, kadi ikaandikwa Hamisi. Pasipoti Fatma, kadi Fatuma. Mohamed ikawa Muhammad kwa sababu mwandishi ameandika anavyotamka yeye. Afisa wa Jidda hajui kwamba hao ni mtu mmoja. Herufi zifuate pasipoti, hata kama pasipoti yenyewe ilikosewa. Halafu tazama namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya chanjo ikiwa na mwezi ulioandikwa kwa neno, jina la chanjo na namba ya toleo lake, sahihi ya mchanjaji na mhuri wa kituo. Na sahihi yako wewe, ambayo wengi huisahau. Ipige picha, itume kwa mtoto wako, na nakala ya karatasi iwe kwenye begi jingine.

Wako watu watakaokuuzia kadi iliyojazwa bila sindano. Nasema haya kwa uchungu: unakwenda kusimama Arafa kuomba msamaha, huwezi kuufikia uwanja huo kwa karatasi ya uongo, tena ya uongo unaoweza kumuua mwenzako aliyelala mkeka mmoja na wewe.

Mfunguo Pili: miguu na dawa

Kusai peke yake, mara saba baina ya Safa na Marwa, ni kilomita 3 na ushei, na hiyo ni baada ya tawafu. Ukijumlisha kwenda na kurudi Jamarati, kunakorushwa vijiwe, mwili usiozoea unagoma. Anza kutembea mapema, baada ya sala ya alfajiri, robo saa kwa kuanzia, ukiongeza kila wiki hadi ufike saa nzima bila kuhema. Tembea na makubadhi yale yale utakayokwenda nayo. Kiatu kipya hufunguliwa nyumbani, siyo Makka.

Mwenye sukari ajikague nyayo kila usiku, hapa na kule, kwa kioo au kwa msaada wa mwenzake. Ganzi ya miguu humfanya mtu akanyage sakafu inayounguza bila kuhisi, akagundua malengelenge jioni. Weka makubadhi kwenye mfuko wa kitambaa na uingie nao msikitini, maana yakiachwa mlangoni yakapotea utarudi hotelini peku juu ya lami ya mchana. Kama daktari amekukataza kabisa kutembea peku, muulize sheikh wa msafara mapema juu ya kuvaa kitu miguuni ukiwa kwenye ihramu. Yapo majibu kwa mgonjwa.

Dawa chukua za siku zote za safari na za wiki 2 zaidi. Ziwe ndani ya maboksi yake, pamoja na cheti cha daktari kinachotaja jina la kitaalamu la dawa, kwa sababu jina la kibiashara la hapa huenda lisijulikane kule. Zigawe: nusu begi la mkononi, nusu kwa mwenzako. Kwa anayetoka Kenya, Tanzania au Uganda kuna wepesi mmoja, saa ya Saudia ni sawa na yetu, kidonge cha saa 2 usiku kinabaki saa 2 usiku.

Insulini haiingii kwenye begi la chini ya ndege, inaweza kuganda ikaharibika. Chupa au kalamu iliyoanza kutumika, kwa aina nyingi, hukaa kama wiki 4 nje ya friji iwapo joto halizidi nyuzi 30. Chumba cha hoteli chenye kiyoyozi kinatosha. Shida ni Mina na Arafa. Zungushia kitambaa kilicholoweshwa maji, uiweke kivulini penye upepo, na uloweshe tena kitambaa kikikauka. Ni ubaridi ule ule wa mtungi wa kwetu. Barafu isiiguse. Mfukoni uwe na tende au pipi wakati wote, na mwenzako ajue kwamba ukianza kutetemeka, kutoka jasho la baridi na kuongea ovyo, akupe kitu kitamu kwanza, maswali baadaye.

Usibebe kila kinachouzwa duka la dawa la mtaani. Saudia ina sheria kali juu ya dawa zenye kulevya: tramadol, kodeini iliyomo kwenye baadhi ya dawa za kikohozi, diazepam, pregabalin. Anayezihitaji kweli huomba kibali kwa njia ya mtandao kutoka Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Saudia kabla ya safari. Unga wa miti shamba usio na lebo uache nyumbani. Na mirungi, au miraa, hata majani machache yaliyosahaulika mfukoni, ni kosa zito sana kule. Usikubali kubeba kifurushi cha mtu.

Wanawake wanaotaka kuchelewesha hedhi ili wasikose tawafu wamuone daktari mwezi mmoja kabla. Vidonge vya norethisterone hutumika sana, lakini huanzwa siku chache kabla ya hedhi kutarajiwa, na havimfai kila mtu, hasa aliyewahi kupata damu kuganda mishipani. Kugawiana vidonge hotelini ni hatari.

Jambo la mwisho la kuandaa ni karatasi ndogo. Mwombe mwalimu wa madrasa anayeandika Kiarabu vizuri akuandikie: jina, umri, nchi, maradhi uliyonayo, dawa unazotumia, mzio, kundi la damu kama umelipima, hoteli na simu ya kiongozi wa msafara. Iweke kwenye plastiki, uivae shingoni. Mzee akipotea Mina akiwa hoi, karatasi ile itamsemea.

Ukishafika

Joto ndilo adui mkubwa. Katika hija ya mwaka 2024 lilifika nyuzi 51.8 Masjid al-Haram, na Saudia ilitangaza vifo 1,301, ikisema asilimia 83 ya waliofariki hawakuwa na kibali, yaani walitembea juani bila hema, bila basi, bila kivuli. Kuhiji kwa viza ya matembezi ni kujinyima hivyo vyote. Kaa ndani kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni kila ibada inaporuhusu. Mwavuli hauharibu ihramu ya mwanamume, kwa kuwa haugusi kichwa. Kunywa maji kabla ya kiu, na tazama mkojo: ukiwa wa njano iliyokolea, umechelewa. Pakiti za chumvi za kuzuia maji kupungua mwilini ziwe nyingi begini. Mtu akichanganyikiwa, ngozi ikawa ya moto, akaanza kupepesuka, hiyo ni dharura. Mpeleke kivulini, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni, pigeni simu 997, au 911 mkiwa Makka. Mahujaji hutibiwa dharura bila malipo, kwa hiyo msiogope gharama.

Wakati wa kunyoa, nenda kwa kinyozi mwenye leseni na uone wembe mpya ukifunguliwa mbele yako. Wembe uliopita vichwa kumi hupitisha homa ya ini. Vaa barakoa kwenye msongamano, nawa mikono. Ziara za mabanda ya ngamia na maziwa yao mabichi achana nazo. Kirusi cha MERS, kilichogunduliwa Saudia mwaka 2012, hukaa kwa ngamia. Mbu wa mchana wa Jidda na Makka huambukiza dengue, kwa hiyo ukipata homa tumia parasetamoli, usijipe aspirini wala ibuprofeni.

Na ukiumwa homa kule, mwambie daktari kwa sauti: nimetoka nchi yenye malaria. Makka na Madina hazina malaria, na daktari wa huko anaweza asiiwaze kabisa, kumbe umeibeba mwilini kutoka Tanga au Kilifi. Omba upimwe.

Ukirudi

Kikohozi cha hija ni cha wengi na kwa kawaida hupoa. Kisichosubiri ni homa kali yenye shingo kukakamaa, kichwa kupasuka, mwanga kuumiza macho au vipele vyekundu vinavyokaribia weusi, vile vile kupumua kwa shida. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na utaje kwamba umetoka Saudia, kwa wiki 2 za mwanzo hasa. Wageni watakuja kukupongeza na kuomba dua. Kama unakohoa, vaa barakoa, na watoto wachanga wasibebwe kwanza. Pima sukari na presha ndani ya wiki ya kwanza, urudi kwenye dozi zako za kawaida kwa ushauri wa daktari aliyekuandaa, na kadi ya njano uihifadhi pamoja na pasipoti, umeandika kwa penseli mwaka ambao chanjo ya uti wa mgongo itaisha.